Kufundisha takwimu kwa wanafunzi wa sayansi ya siasa: jibu langu kwa mhadhiri mpya

Mkuu, umesema umekabidhiwa somo la mbinu za utafiti wa kitakwimu kwa wanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya siasa, na wengi wao walichagua siasa ili waachane na hesabu. Unauliza uanze kwa kuwarudisha kwenye hesabu za msingi au uingie moja kwa moja kwenye kanuni, na utumie programu ipi. Nimefundisha somo hilo kwa miaka mingi sambamba na siasa linganishi. Ushauri wangu: hesabu za msingi ziweke kando, kanuni nazo zisubiri. Anza na kuwauliza namba imetoka wapi.

Mwanafunzi wa siasa hashindwi kujumlisha na kugawanya. Kinachomshinda ni kuona yale yaliyomleta chuoni, yaani madaraka, uchaguzi, mapinduzi na haki, yanahusiana vipi na tarakimu ulizojaza ubaoni. Ukimwanzishia mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, wiki ya kwanza ataukariri, atafaulu mtihani, na likizo ikiisha hakumbuki kitu.

Mimi wiki za mwanzo zote nazitumia kupima demokrasia. Nagawa orodha ya nchi, kila mmoja anaandika 1 kwa nchi anayoiona ni ya kidemokrasia na 0 kwa isiyo, bila kuchungulia kwa jirani. Kisha tunalinganisha. Nchi nyingi hazina ubishi. Ubishi huwaka tukifika Botswana. Tangu uhuru wa 1966 nchi hiyo imefanya uchaguzi wa vyama vingi kwa wakati wake, na kwa miongo yote hiyo mshindi alikuwa chama kimoja, BDP (Botswana Democratic Party). Mwanasayansi wa siasa Adam Przeworski na wenzake, walipokuwa wakiainisha tawala za dunia, waliweka sharti kali: uchaguzi kufanyika hakutoshi, lazima ionekane kwamba walioko madarakani wanaweza kushindwa wakaondoka. Kwa sharti hilo Botswana ikawekwa kwenye kundi la udikteta, wakati Freedom House, shirika la Marekani linalopima uhuru wa nchi, lilikuwa likiipa daraja la nchi huru.

Darasa hugawanyika hapo hapo. Wanaoitetea Botswana wanataja uhuru wa mahakama na vyama vya upinzani vinavyofanya kampeni bila kusumbuliwa. Nawauliza: chama ambacho hakijawahi kushindwa, utajuaje kwamba kikishindwa kitaachia? Wanaoipinga nawauliza: wananchi wakiwa wanakipenda chama kwa dhati, waadhibiwe kwa kukichagua? Kisha nawaletea Oktoba 2024. BDP ilishindwa, Rais Mokgweetsi Masisi akakubali matokeo na kukabidhi madaraka kwa Duma Boko. Sasa ile 0 tunaifanya nini? Tunaandika 1 kuanzia 2024, au tunarudi nyuma kusahihisha miaka yote kwa sababu sasa tumeona kwamba waliweza kuondoka?

Usikimbilie kuwapa jibu. Waache waandike kanuni yao wenyewe kwa sentensi mbili, kisha waitumie kwa nchi nyingine zote za kwenye orodha bila upendeleo. Wataona kanuni inayowapa jibu wanalolipenda kwa nchi moja inawaletea jibu la ajabu kwa nchi nyingine. Wakishaona hivyo, waambie kwamba kila utafiti unaouliza kama utajiri hudumisha demokrasia umejengwa juu ya safu ya 0 na 1 za namna hii, na kwamba mtu fulani aliketi akaamua. Kuanzia siku hiyo hawasomi jedwali kama zamani. Na wastani wataudai wenyewe, maana watataka kujua wakibadilisha kanuni picha nzima inasogea kiasi gani.

Jambo la pili ambalo usilipite haraka ni kosa la kuruka kutoka eneo hadi mtu. Nalikuta kwenye tasnifu kila mwaka: mwanafunzi anaona majimbo yenye vijana wengi yalikipa chama fulani kura nyingi, anaandika kwamba vijana walikipigia chama hicho. Data yake haisemi hivyo. Mwanasosholojia W. S. Robinson alilionyesha hili mwaka 1950 kwa kutumia sensa ya Marekani ya 1930. Ukilinganisha majimbo, yale yenye wahamiaji wengi waliozaliwa nje yalikuwa na watu wachache wasiojua kusoma. Ukimwangalia mtu mmoja mmoja, aliyezaliwa nje ndiye aliyekuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutojua kusoma. Sababu ni kwamba wahamiaji walielekea kwenye majimbo ambayo wenyeji wake walikuwa wamesoma. Mfano huu nautolea saa nzima, na kila mwanafunzi lazima aweze kuueleza kwa maneno yake bila kutazama daftari.

Kanuni ya mstari wa regresheni, yaani mstari unaopita karibu na nukta zote kadiri inavyowezekana, naifundisha kwa uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2000 katika jimbo la Florida. Kipindi hiki nakieleza kwa kirefu kwa sababu unaweza kukichukua kama kilivyo. Kila kikundi kinapata karatasi yenye kaunti zote 67: kura alizopata George W. Bush na kura alizopata Pat Buchanan, mgombea wa chama kidogo. Kompyuta zimefungwa. Wanachora kwa penseli, Bush mlalo, Buchanan wima, nukta moja kwa kila kaunti. Wakimaliza nawaambia wapitishe mstari kwa rula pale wanapoona unafaa. Nukta karibu zote zinaukaribia. Moja ipo juu kabisa, peke yake, na kila kikundi huuliza kama wamekosea kuichora. Ni Palm Beach. Mstari unaitarajia impe Buchanan mamia tu ya kura, yeye kapata zaidi ya 3,400.

Nawaacha wabuni sababu. Labda ana wafuasi wengi pale? Labda kura ziliibwa? Ndipo naonyesha karatasi ya kura iliyotumika. Majina yalipangwa pande mbili, matundu ya kutoboa yakiwa katikati. Al Gore, mpinzani mkuu wa Bush, alikuwa wa pili upande wa kushoto, lakini tundu la pili lilikuwa la Buchanan, aliyekuwa juu upande wa kulia. Tundu la Gore lilikuwa la tatu. Bush alishinda Florida kwa kura 537. Wanafunzi hurudi kwenye michoro yao na kulipima tena lile pengo kati ya nukta na mstari, safari hii wakijua linabeba nini. Hapo ndipo naandika kanuni ubaoni, na kila herufi ndani yake tayari wameishika kwa mkono.

Halafu wabane zaidi. Pengo kubwa limetuambia kuna jambo, halijatuambia ni jambo gani. Watafiti wa sayansi ya siasa waliolichambua suala hilo waliangalia kura zilizopigwa kwa njia ya posta katika kaunti ileile, ambazo hazikutumia mpangilio ule wa karatasi. Huko sehemu ya Buchanan ilikuwa ndogo zaidi sana. Wapiga kura wa kaunti moja, uchaguzi mmoja, karatasi tofauti. Mwanafunzi akiuelewa ulinganisho huo ameelewa usanifu wa utafiti, na sura nyingi za kitabu cha kiada atazielewa kirahisi.

Sampuli haitakusumbua. Waonyeshe kwamba sampuli ya nasibu ya watu 1,200 ina ukingo wa makosa, yaani kiasi ambacho matokeo yanaweza kupishana na hali halisi, wa karibu asilimia 3 juu au chini, na kwamba ukitaka kuupunguza kwa nusu unahitaji watu mara nne. Wape matokeo ya kura ya maoni ambayo wagombea wawili wanatofautiana kwa pointi mbili, waandike kichwa cha habari ambacho mwandishi mwaminifu angekiandika.

Thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata matokeo kama hayo au makubwa zaidi kama kwa kweli hakuna athari yoyote, ichelewe. Ikitangulia wanaigeuza hukumu: ikiwa chini ya 0.05 wanashangilia, ikizidi wanaitupa kazi nzima. Mimi nawataka kwanza waniambie ukubwa wa athari kwa lugha ya kawaida, kwa mfano asilimia ngapi ya waliojitokeza kupiga kura inaongezeka, na kama kiasi hicho kina maana yoyote kwa mtu anayegombea.

Kuhusu alama: nusu yake naiweka kwenye kazi ya kurudia utafiti uliokwisha kuchapishwa, kwa data ileile, hadi wapate majibu yaleyale au waeleze kwa nini hawakuyapata. Usidhani hiyo ni kazi ndogo kwa mwanafunzi. Thomas Herndon alikuwa mwanafunzi wa uzamivu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Marekani, alipopewa zoezi kama hilo. Mwaka 2013, yeye na walimu wake Michael Ash na Robert Pollin walionyesha kwamba makala maarufu ya wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff ya 2010 kuhusu deni la taifa ilikuwa na makosa, mojawapo likiwa fomula ya lahajedwali iliyoacha nchi tano nje. Wastani wa ukuaji wa uchumi kwa nchi zenye deni kubwa, ulioandikwa asilimia -0.1, walipouhesabu upya ulifika 2.2. Makala hiyo ilikuwa ikitajwa na wanasiasa waliotetea kubana matumizi ya serikali. Wanafunzi wangu wakisikia hayo, kazi ya kurudia wanaifanya kwa jicho jingine kabisa.

Na baada ya kukusanya kazi, mwite kila mwanafunzi dakika chache mezani, umwonyeshe namba moja kutoka kwenye jedwali lake, akueleze imepatikanaje. Darasa likiwa kubwa mno, chagua kwa bahati nasibu na uwaambie mapema kwamba yeyote anaweza kuitwa.

Sasa programu. Mimi natumia R kwa sababu ni ya bure, mwanafunzi anabaki nayo baada ya kuhitimu, na kila hatua aliyoichukua inabaki imeandikwa, nami naweza kuifuata mstari kwa mstari. SPSS inaanza kwa wepesi, lakini mtu akibofya menyu tu bila kuhifadhi amri zake, wiki mbili baadaye hawezi kukueleza alifanya nini. Kama idara yako imeshalipia SPSS au Stata, tumia hiyo hiyo, ila dai faili la amri pamoja na kila kazi. Kazi isiyo na faili hilo usiipokee.