Maswali ya Wasomaji: GT-R ya Mnadani, na Mimi ni Mgeni Kanada

SWALI: Nimehamia Kanada. Katika mnada wa Japan kuna Nissan Skyline GT-R R33 ya 1996, daraja R. Je, naweza kuiingiza bila ushuru kama mali ya mhamiaji? Nikague nini kabla ya kulipa?

JIBU: Msamaha huo usahau. Unahusu vitu ulivyomiliki na kuvitumia kabla ya kuingia nchini; gari utakalonunua sasa halimo. Tenga GST (kodi ya mauzo ya serikali kuu) ya 5%, dola 100 za kodi ya kiyoyozi, na ushuru wa forodha, ambao kiwango chake cha kawaida kwa magari ni 6.1%. Umri ndio unaokubeba: gari lililotimiza miaka 15 halibanwi na viwango vya usalama vya serikali kuu. Usajili, hata hivyo, ni wa majimbo, na Quebec haikubali usukani wa kulia kwa gari lisilofikisha miaka 25. Hii ya 1996 imeshavuka.

Kinachotutia shaka ni hiyo R. Maana yake gari liligongwa likatengenezwa. Si kila R ni mkosi: kama kilichobadilishwa ni fremu ya rejeta tu, bei ikishuka unafaidika. Reli za chasi zikiwa zilinyooshwa, achana nalo. Kwenye mchoro wa karatasi ya mnada, XX ni kipande kilichobadilishwa, W ni alama ya paneli iliyotengenezwa ikabaki na mawimbi, S ni kutu. Omba picha za pale shokapu za mbele zinaposhika bodi. R33 huoza hapo chini ya silanti (gundi ya kuziba viungo vya bodi), na kutu hiyo haionekani ukisimama pembeni.

Kwa RB26, injini ya gari hili, uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini; kiwanda kilisema kila kilomita 100,000. Pima kompresheni (nguvu ya kubana hewa) ya silinda zote 6: silinda moja ikiwa chini mno kuliko wenzake, kuna pistoni au valvu iliyoumia. Turbo za awali zina gurudumu la seramiki upande wa moshi. Mwenye gari akiongeza shinikizo la turbo kupita takriban baa 1, gurudumu hilo hukatika, na vipande vinaweza kufika kwenye silinda. Kidhibiti cha shinikizo kisicho cha kiwanda ni sababu tosha ya kuuliza maswali zaidi.

Tena, lioshwe chini kabisa kabla ya kupakiwa. Udongo ukionekana bandarini, linaweza kuzuiwa au kurudishwa, gharama zikiwa juu yako.