“Masafa ya hofu” hayatatisha mtu

SWALI: Nimemaliza kupiga filamu ya kusisimua ya kisaikolojia kwa bajeti ndogo: nyumba moja, waigizaji wawili, dada anayeamini kuna mtu anaishi darini. Walioiona wanasema matukio ya usiku hayawatishi. Nimepata kifurushi cha faili za sauti za “masafa ya hofu” ya 19 Hz (mitetemo 19 kwa sekunde). Muuzaji anasema mtazamaji haisikii sauti hiyo ila mwili wake unashtuka. Niiweke kwa kiwango gani? Halafu kuna mvumo wa friji chini ya mazungumzo, niufuteje?

JIBU: Iweke sifuri. Na kama bado hujakilipia hicho kifurushi, una bahati.

Hii 19 Hz naulizwa kila mara, na chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1998 Vic Tandy na mwenzake huko Uingereza walichapisha makala kuhusu maabara iliyosemekana kuwa na mzimu. Walieleza kwamba feni ilikuwa ikizalisha wimbi la takriban 19 Hz, na namna ilivyofungwa ilipobadilishwa, wimbi likatoweka. Chumba kimoja, feni moja. Wauzaji wakarukia hapo wakaanza kuuza hofu kwa faili.

Feni ile ilisukuma hewa ya chumba kizima. Filamu yako itatazamwa kwenye simu, ambayo spika yake hutoa kidogo mno chini ya 200 Hz, sembuse 19! Hata spika za besi katika kumbi nyingi za sinema huishiwa nguvu kabla ya kufika huko. Na sauti hiyo haikai bure. Sikio halilisikii wimbi hilo, lakini mita ya sauti inaliona. Limita (kizuizi cha sauti kupita kiwango) uliyoweka mwishoni mwa miksi, yaani mchanganyiko wa sauti zote, inakutana na wimbi kubwa, inabana kila kitu, na mnong’ono wa mwigizaji wako unazama pamoja nalo. Yaani umelipa ili mazungumzo yafifie. Huamini? Weka kichujio kinachokata kila kilicho chini ya 30 Hz kwenye miksi yenye kifurushi hicho. Sikio halitakosa chochote, ila mita ya sauti itashuka.

Sasa friji. Naona hapa ndipo hofu yako inapovujia. Kompresa ya friji inawaka na kuzima itakavyo, kwa hiyo shoti ya uso wa dada ina mvumo, ya dari haina, ukirudi usoni mvumo umerudi. Mtazamaji hajui kilichomsumbua, lakini kila shoti inapokatwa sikio lake linashtukia mkono wa mhariri. Usikimbilie kufuta. Rudi kwenye nyumba ileile, watu wanyamaze, urekodi dakika nzima ya sauti ya chumba friji ikiwa inavuma, na nyingine ikiwa imezimwa. Hafifisha mvumo wa kwenye mazungumzo kwa kichujio chembamba (50 au 60 Hz kulingana na umeme wa mlikopigia, pamoja na vizidishio vyake, yaani mara mbili, mara tatu na kuendelea), kisha tandika ule uliorekodi chini ya tukio zima bila kukatika. Dada anapoinua macho kutazama dari, uzime mvumo huo, ubaki ukimya wa ile rekodi ya pili. Ukimya huo utafanya kazi uliyotaka kuinunua.

Programu za kusafisha sauti kwa kubofya mara moja nazo zitumie kwa mkono mwepesi. Ukizikaza zinakula pumzi, na katika filamu ya namna hii pumzi ndiyo uigizaji wenyewe. Mwigizaji ambaye hasikiki akihema gizani ni picha tu ya mtu aliyekaa gizani. Kama pumzi zimeshaliwa, mwite aje azirekodi upya, maikrofoni ikiwa karibu na mdomo.

Kinachonikera ni kwamba biashara hii inawawinda hasa wasio na fedha. Mwenye bajeti kubwa ana fundi wa sauti wa kumwambia aache upuuzi. Ninyi mnaofanya kila kitu wenyewe ndio mnaouziwa masafa ya hofu, rangi za sinema na milipuko ya trela, wakati maikrofoni imekaa mita mbili kutoka kwa mwigizaji. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti yake inapungua karibu desibeli 6, na kelele za chumba zinabaki vilevile. Hakuna kifurushi kinachorudisha hizo desibeli. Ukikutana tena na muuzaji wa namna hiyo, muulize aliisikiliza bidhaa yake kwenye spika gani. Asipokutajia spika, ondoka.