Jibu: Kombi Westfalia ya 1975 inanuka petroli nikijaza tangi

Mkuu, kwa hiyo Kombi yako (basi dogo la Volkswagen la kupigia kambi), kama kabureta ni kavu, yaani haivuji, na harufu huja tangi likijaa tu, shuku mipira (mabomba laini) ya juu ya tangi: wa shingo ya kujazia na ile myembamba ya kupumulia. Imejificha mbele ya injini, hupasuka bila kuonekana. Njia ya mkato hakuna. Chomoa betri, ondoa petroli yote kwenye tangi, shusha injini, kisha fungua skrubu za bamba linalofunika tangi. Badilisha yote, pamoja na wa kwenda kwenye pampu. Chukua mipira ya daraja la SAE J30 R9 (kiwango cha mipira ya mafuta), maana ethanoli huharibu mipira ya zamani. Kabla ya hapo usiwashe gari, tafadhali sana! Kasha la injini ya 1600 (cc) ni aloi ya magnesiamu. Likishika moto, maji huuchochea.