Jibu: Uvimbe kifuani, ni saratani au sarkoidosi?

Ndugu, umeandika kwamba yaya wako, yaani ndugu yako mkubwa, wa Kolwezi amepigwa picha, zikaonekana tezi zimevimba kifuani, na daktari anasita kati ya saratani na sarkoidosi, ugonjwa usio saratani ambao kinga ya mwili hujenga vinundu, mara nyingi mapafuni na kwenye tezi. Pole sana. Mimi niko Lubumbashi, na nilipita njia hiyo hiyo.

Picha peke yake haimalizi ubishi. Ni kweli sarkoidosi mara nyingi huvimbisha tezi za pande zote mbili karibu sawasawa, na saratani ya mapafu huanzia zaidi upande mmoja. Lakini limfoma, yaani saratani ya tezi zenyewe, nayo hushika pande mbili, na sarkoidosi huweza kutawanya vinundu mapafuni ukadhani saratani imeshasambaa.

Huku kwetu kianze kutafutwa kifua kikuu, maana nacho huvimbisha tezi: makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine inayotambua vijidudu vyake. Tena kama yaya amefanya kazi mgodini, amwambie daktari bila kungoja kuulizwa, maana vumbi la mawe huvimbisha tezi zile zile. Mimi swali la mgodi niliulizwa mwishoni kabisa.

Kilichotoa jibu ni kinyama, yaani kipande kidogo cha tezi kinachochukuliwa kwenda kupimwa. Wanakutia ganzi kooni, mrija unapita puani, unakohoa mpaka machozi yanatoka, na sindano inatoboa ukuta wa njia ya hewa kuifikia tezi. Haipendezi, lakini inavumilika. Karatasi yangu ya majibu ilisema granuloma (vijivimbe vidogo vya seli za kinga) zisizooza katikati, hakuna seli za saratani. Hata hapo daktari hakuishia kwenye karatasi, kwa sababu tezi zilizo jirani na saratani huweza kutoa granuloma kama hizo. Aliangalia na vifundo vyangu vya miguu vilivyovimba, na mabaka mekundu yenye maumivu kwenye miundi, ndipo akaridhika.

Nakusihi jambo moja: asimeze prednisoloni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, kabla kinyama hakijachukuliwa, isipokuwa daktari aone hatari ya haraka. Limfoma hunywea kwa dawa hiyo, nyumba nzima mkafurahi, kumbe ugonjwa upo. Na kama ni kifua kikuu, kinapata nafasi ya kuenea.

Akikohoa damu au akikonda upesi, msingoje. Abebe picha zake zote, hata za miaka ya nyuma: tezi ambazo hazijakua kwa muda mrefu zinamwambia daktari mengi. Na ikithibitika ni sarkoidosi, macho yapimwe hata kama hayamuumi, kwani huweza kuyaharibu kimyakimya.