Mtego wa wadukuzi uweke ndani, si nje

Afisa TEHAMA wa halmashauri moja mkoani Tabora ameuliza kama seva ya mtego (honeypot, yaani seva ya uongo ya kumnasa mdukuzi) aiweke upande wa intaneti au ndani ya mtandao wa ofisi. Ndani. Ukiiweka nje, roboti za dunia nzima zitagonga porti 22, mlango wa SSH unaotumika kuingia kwenye seva kwa mbali, usiku kucha, na muda si mrefu utaanza kuzipuuza taarifa zake. Ndani hakuna mtumishi mwenye shughuli nayo. Ikiguswa hata mara moja, ujue kuna kompyuta imeshaingiliwa, au kuna mtu anachokonoa.

Raspberry Pi 4 yenye RAM ya GB 2 (kompyuta ndogo ya bei nafuu) inatosha kuendesha OpenCanary, programu ya bure inayojifanya seva na kukutumia taarifa ikiguswa. Ipe anwani ya IP ya safu ileile ya seva halali na jina linalofanana na majina ya seva hizo, kisha washa huduma mbili tatu tu za kuigiza. Ukiwasha kumi na tano, mdukuzi mzoefu ataistukia. Folda ya pamoja ya Windows inahitaji Samba, programu ya kushirikisha mafaili, isakinishwe kando, na hapo ndipo wengi hukwama.

Ukitaka kuona amri anazoandika mdukuzi, tumia Cowrie, mtego unaojifanya seva ya SSH. Yenyewe husikiliza porti 2222, hivyo elekeza porti 22 huko kwa iptables, fayawoli ya Linux, na SSH yako halisi uihamishie porti nyingine kwanza, usije ukajifungia nje. Badilisha pia majina ambayo Cowrie huja nayo, yaani jina la seva, svr04, na mtumiaji phil: wadukuzi wanayajua.

Chambo nacho kina kazi. Mwaka 1987 Clifford Stoll, msimamizi wa kompyuta katika maabara ya Berkeley, Marekani, alitengeneza mafaili ya uongo, na mdukuzi akayang'ang'ania hadi laini ya simu aliyoingilia ikafuatiliwa mpaka Hannover, Ujerumani. Lakini kamwe usitumie taarifa za wananchi halisi kama chambo.

Kwenye fayawoli, zuia kila kinachotoka kwenye mtego isipokuwa kumbukumbu (logs) zinazokwenda seva nyingine, na NTP, huduma ya kusahihisha saa kupitia mtandao. Bila hivyo umempa mdukuzi ngazi ya kufikia kompyuta nyingine. NTP msiidharau: Pi 4 haina betri ya saa, na umeme wetu wa kukatika huiacha ikiandika muda wa uongo. Kumbukumbu zenye saa mbovu zitakuangusha kesi ikifunguliwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Mtego ukilia, kompyuta iliyougusa usiizime. Chomoa waya wake kwenye swichi, uiache inawaka, maana ushahidi mwingi uko kwenye RAM, ambayo hufutika ukizima.