Njoo na namba: kuomba kumbukumbu za polisi na mahakama huku Kusini

Wewe unayeanza usaidizi wa kisheria Mtwara au Lindi, wiki yako ya kwanza tu atakuja mtu akuambie, "Nataka faili la kesi yangu." Usikimbilie kalamu. Muulize kwanza kesi ni namba ngapi, na ndani ya hilo faili anataka karatasi gani. Mara nyingi hatakuwa na jibu la swali lolote kati ya hayo mawili. Kazi yako inaanzia hapo, kabla hujasimama kwenye kaunta ya mtu.

Nilimpokea bibi mmoja kutoka upande wa Nanyamba. Shikamoo, marahaba, akafungua pindo la kanga akatoa kipande cha daftari kilichokunjwa mara nne: RB yake, yaani namba ya taarifa aliyoitoa polisi. Jasho lilikuwa limekula wino, na tarakimu ya mwisho ukiitazama hivi ni 1, ukiigeuza kidogo ni 7. "Mjukuu wangu, si ndiyo hiyo hiyo?" Si hiyo hiyo, bibi. Tulikwenda kituoni na namba zote mbili. Moja ikawa ya baiskeli iliyoibwa, nyingine ndiyo ya shamba lake la mikorosho lililochomwa. Bahati yetu afande wa zamu alikuwa na subira ya kufunua kitabu mara mbili. Siku hizi mteja akikaa tu, kabla ya habari za nyumbani, karatasi zake nazipiga picha kwa simu.

Ujue pia kwamba namba hubadilika njiani. RB ni ya kitabu cha taarifa pale kaunta. Jalada la uchunguzi likifunguliwa linapata namba ya IR. Shauri likifika mahakamani linapewa namba nyingine kabisa, pamoja na mwaka. Watu wengi wanakwenda masjala ya mahakama na RB mkononi, karani anawaambia haipo, wanarudi nyumbani wakiamini faili limeuzwa. Karani hajadanganya: kwa namba ile, haipo. Rudi kwa mpelelezi, muulize kwa adabu, "Afande, jalada hili lilipelekwa mahakama gani, na lilisajiliwa namba gani?" Swali hilo moja litakuokolea nauli ya kwenda na kurudi Newala.

Polisi usiombe kila kitu. Mlalamikaji ana haki ya kupewa RB yake na kuelezwa shauri limefikia wapi. Aliyeumizwa anapewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa hospitali. Kwenye ajali ya gari, bima watadai PF 90, yaani taarifa ya polisi kuhusu ajali, na ripoti ya ukaguzi wa gari, PF 93, na hizo zinaombwa usalama barabarani. Maelezo ya mashahidi uchunguzi ukiwa bado unaendelea hupewi, na ukiyang'ang'ania unajijengea sifa mbaya bure. Mshtakiwa huyapata mahakamani, kupitia kwa mwendesha mashtaka. RB na PF3 haziuzwi. Mteja akikuambia alitozwa, andika tarehe na saa, kisha mpeleke kwa mkuu wa kituo.

Mahakamani swali la kwanza ni mahakama ipi. Mirathi nyingi za huku ziko Mahakama ya Mwanzo, na mtu anaposema "karatasi ya usimamizi" anamaanisha Fomu Na. IV, ile ya kumteua msimamizi wa mirathi. Ugomvi wa ardhi usiutafute masjala ya mahakama ya wilaya, uko Baraza la Ardhi na Nyumba. Tena mabaraza ya kata, tangu 2021, yamebaki na kazi ya kusuluhisha tu, kwa hiyo mtu anayetafuta "hukumu ya kata" ya mwaka jana huenda anatafuta kitu ambacho hakijawahi kuandikwa. Kwa mambo ya zamani, kumbuka mipaka. Tandahimba ilikatwa Newala, Nanyumbu ikakatwa Masasi, Ruangwa ikakatwa Nachingwea. Jalada la zamani halikuhama na mpaka. Anzia wilaya mama. Lindi yenyewe imekuwa mkoa peke yake tangu 1971, kabla ya hapo ilikuwa Mtwara.

Halafu majina. Makarani wa zamani waliandika walivyosikia. Mohamedi, Mohamed na Muhamadi ni mtu mmoja. Hamisi na Khamis vilevile. Ukikosa jina moja usifunge kitabu, mwombe karani ajaribu lingine, na umtajie mdaiwa pia, maana rejesta ina majina ya pande zote mbili.

Sasa barua. Hapa nina kosa langu mwenyewe la kusimulia. Mwaka wangu wa kwanza niliandika "naomba nakala ya kesi." Nikapewa hukumu, kurasa tano, safi kabisa. Nilichohitaji kilikuwa mwenendo wa shauri, yaani yale mashahidi waliyosema, na vielelezo. Ikabidi barua ya pili, foleni ya pili, na mteja wangu akalala Mtwara mjini siku mbili zaidi kwa hela ya kukopa. Taja kila karatasi kwa jina lake: mwenendo, hukumu, amri, vielelezo. Sema nakala iliyothibitishwa kwa muhuri. Mwandikie Hakimu Mfawidhi, na kwa Mahakama Kuu mwandikie Naibu Msajili. Peleka barua nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, uondoke nayo. Karani akisema "acha tu hapo mezani", mwambie, "Sawa mama, ila nigongee na hii yangu."

Muhuri huo ndio utakaokutetea kwenye hesabu ya siku. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30, na sheria haikulazimishi kuambatisha nakala ya hukumu. Kwa hiyo usikae unasubiri nakala huku siku zinakwisha. Andika sababu za rufaa, uwasilishe. Kesi ya jinai iliyoamuliwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi ni tofauti: kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, rufaa yenyewe ndani ya siku 45, na muda wa kusubiri nakala hauhesabiwi. Lakini hauhesabiwi kwa yule anayeweza kuonyesha aliomba lini. Wengi hapa ndipo wanapozama, wanasema "niliomba kwa mdomo."

Malipo yakiwepo, yanakwenda kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, kwa simu au benki. Hela ya mkononi haina risiti, na kisicho na risiti hakijalipwa.

Ofisi ikikaa kimya, iko Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016: mwombaji raia anaandika, ofisi inajibu ndani ya siku 30, ikikataa inatoa sababu. Mimi naitaja kwenye barua ya pili, si ya kwanza. Ukianza na vifungu unapokelewa kama mgomvi. Na kuna vitu sheria hiyo haivifungui, kama uchunguzi unaoendelea na faragha ya mtu. Mashauri ya watoto usiyaguse kabisa kama huna uhusiano nayo.

Hukumu za Mahakama Kuu na za Rufani tafuta kwanza TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ni bure, andika jina la mdaawa, yaani mmoja wa wenye kesi, au neno Mtwara. Za Mahakama ya Mwanzo usizitegemee humo. Na jiandae: majalada mengi ya kabla ya 2021 kutoka wilayani na juu yake yameandikwa Kiingereza, kwa hiyo tenga nusu siku ya kumsomea mteja kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi.

Siku ya kuchukua nakala, usitoke getini kabla ya kuhesabu kurasa. Angalia muhuri, sahihi, tarehe, na jina la mteja kama lilivyo kwenye kitambulisho chake. Mimi nilishafika Mnazi Mmoja na mwenendo usio na ukurasa wa 14, ikabidi nishuke nisubiri basi la kurudi.