Shangazi, mteja ananiita tapeli na mashuka alishayapata

SWALI: Shikamoo shangazi. Naishi Mbagala Rangi Tatu, nauza mashuka na mapazia. Mdogo wangu alinifungulia duka la mtandaoni kwa WooCommerce, programu ya kuendeshea duka. Wiki mbili zilizopita dada mmoja wa Mwanza alinunua seti 2 za mashuka, akalipa kwa lipa namba. Kesho yake alfajiri nikaupeleka mzigo Mbezi, nikaukabidhi kwenye basi. Niliporudi nyumbani nikaibadilisha oda iwe "Completed", maana kwa upande wangu kazi ilikuwa imeisha. Kumbe duka likamtumia barua pepe kwamba oda yake imekamilika! Akanipigia usiku anafoka: "Imekamilika wapi, mbona sijaona hata uzi?" Mashuka alishayapata, lakini mpaka leo ananiita tapeli chini ya picha ninazoweka. Haya maneno ya hali ya oda niyatumieje? — Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole, ila huyo dada simlaumu.

"Completed" ni neno la mwenye duka. Linasema wewe huna tena la kufanya kwenye oda ile. Mnunuzi analisoma kivyake: imekamilika, basi mzigo uko kwangu. Angalia hali ulizokuta dukani: "Pending payment" (inasubiri malipo), "On hold" (imesimama kwanza), "Processing" (inaandaliwa), "Completed", halafu zile za mambo yaliyoharibika, yaani oda iliyofutwa, pesa iliyorudishwa, malipo yaliyokwama. Hakuna hata moja inayosema mzigo umelala kwenye buti la basi. Hapo ndipo mlipogombania.

Mimi nauza vitenge kutoka Sinza, na hivi ndivyo ninavyofanya. Malipo ya lipa namba ninayahakiki kwa macho yangu, kwa hiyo oda inakaa "On hold" hadi ujumbe wa pesa uingie kwenye simu yangu. Nimesema simu yangu. Picha ya muamala anayonitumia mteja naipokea kwa adabu, lakini haifungui kabati. Pesa ikionekana, oda naihamishia "Processing", nafunga mzigo.

Mzigo ukishakabidhiwa, "Completed" siigusi. Nafungua oda, nashuka kwenye sehemu ya maelezo, naandika, nachagua maelezo yaende kwa mteja, nabofya. Yanamfikia kwa barua pepe, na hulipii kitu. Kuna programu jalizi za kulipia, za kuongeza hali zako mwenyewe, ila kwa oda tano au sita kwa wiki hela hiyo nunulia mifuko ya kufungia.

Sasa uandike nini? Mteja anataka kujua vitu viwili tu: mzigo uko mikononi mwa nani, na yeye afanye nini. Yule wa Mwanza ungemwandikia hivi: "Mashuka yako seti 2 yamekabidhiwa basi leo saa 12 asubuhi, Stendi ya Magufuli, Mbezi. Picha ya risiti na namba ya konda nimekutumia WhatsApp. Yakifika Nyegezi utapigiwa. Nenda na kitambulisho." Mtu aliyepata ujumbe huo akilala bila mzigo, halali na hasira.

"Ipo njiani" usiandike kabisa. Mjini hapa neno hilo limekufa. Nani asiyejua kwamba anayesema "nipo njiani, nakaribia Ubungo" bado amejifunga taulo? Isitoshe, basi halina mtu wa kukupa taarifa kila likipita Morogoro au Dodoma. Ulichokishuhudia ni makabidhiano. Andika makabidhiano, kisha nyamaza hadi upate jambo jipya, na jambo jipya utalipata kwa kumpigia konda au ofisi ya basi. Kwa mizigo ya mabasi, mfumo wa kufuatilia ni wewe na vocha yako.

Na saa, tafadhali! Niliwahi kumwandikia mama wa Kigamboni: "Boda atakuwa Feri saa 10:00." Duka na simu vinahesabu saa kizungu, na mimi nikafuata bila kufikiri. Boda akavuka na kivuko saa nne asubuhi, akasubiri, akanipigia, akarudi zake. Mama wa watu akafika saa kumi jioni, juani, na mtoto mgongoni. Nililipa boda mara mbili na sikuwa na wa kumlaumu. Siku hizi naandika "saa 4 asubuhi", hata kama ni ujumbe ulioandaliwa na mashine. Naufuta naandika upya.

Sasa "Completed" inakuja lini? Mteja akisema "nimepata". Akikaa kimya, mpigie. Kama mzigo kauchukua mtu mwingine, andika ni nani. Niliwahi kufunga oda ya Mikocheni kwa sababu boda aliniambia "nimeshaacha". Aliacha kwa mlinzi wa getini, mlinzi akamaliza zamu, akaondoka na kitenge kwenye mkoba wake ili kisipotee. Kilirudi baada ya siku mbili, kimekunjwa vizuri kuliko nilivyokikunja mimi. Lakini siku mbili hizo sikula vizuri.

Yule dada wa Mwanza usimjibu hadharani. Mpigie, mwambie neno lile lilikuja kabla ya wakati wake na kosa ni lako. Ukianza kumfundisha maana ya "Completed" atakukatia.

SWALI: Shangazi, niliagiza kifuniko cha simu kutoka China. Namba ya kufuatilia inaanza na UJ na kuishia na CN. Wiki ya tatu sasa inasema "In transit" tu, yaani kipo safarini. Kimeibiwa? — Msomaji, Tabata

JIBU: Si lazima. Namba za posta za kimataifa zina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili. CN za mwisho zinakwambia kimetoka China, hazisemi kiko wapi leo. Herufi ya kwanza ndiyo ya kuangalia: E ni EMS, yaani huduma ya haraka ya posta, R ni rejista, C ni kifurushi. Yako ni U, vile vipakiti vya bei nafuu ambavyo posta hazilazimiki kuviskani kila vinapopita. Ukiona "In transit", ujue tu kwamba mtu wa mwisho kukiskani ndivyo alivyosema. Kinaweza kufika Dar na maneno yale yale yakabaki. Na tarehe usizishangae: Guangzhou wametutangulia saa tano, kwa hiyo tukio lao la Alhamisi saa tisa usiku kwetu ni Jumatano saa nne usiku.

Nenda posta uliyoandikia anwani, na namba yako mkononi. Halafu fungua duka ulikonunua, tafuta tarehe ya mwisho ya kudai pesa, na udai kabla haijapita. Muuzaji atakuomba "subiri kidogo". Kusubiri kwake kusivuke tarehe hiyo.

Tena kumbuka uliandika namba gani ya simu kwenye anwani. Kama ni ile laini iliyolala kwenye droo, irudishe kwenye simu leo.